Pete ya Lempi Katikati ya Mawe ya Sauna

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nimekaa ncha ya benchi nje ya kibanda cha kahawa pale mjini Rauma, kituo cha basi kikiwa mbele ya pua yangu. Ilikuwa Jumamosi, theluji imeshakuwa uji. Mwenzetu Oiva hakutulia: anakaa, anasimama, anachungulia barabara. Mkewe Lempi alikuwa anarudi kutoka kwa dada yake. Pete yake ya ndoa aliisahau kwenye msumari wa sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke, na jana Oiva aliigonga kwa taulo ikatumbukia katikati ya mawe yanayorundikwa juu ya jiko lake, moto umekolea. Kilichomnyima raha zaidi hakukitamka: aliinunua gulioni enzi za ujana, kwa mtu aliyeapa kuwa ni dhahabu, halafu akatoweka mbiombio.

— Tulia, mzee, alisema Taisto, tuliyembandika jina Kipimajoto. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi elfu na ushei. Jiko lako likifika huko, wewe mwenyewe utakuwa supu.

— Na kama si dhahabu tupu?

— Kwani ni nini?

— Nauliza tu, bwana!

— Bati ndiyo balaa. Kile kiatu cha farasi cha bati tunachoyeyusha mwaka mpya na kukimwaga majini tukipigia ramli, hujamaliza kupiga chafya kimeshakuwa maji. Nyuzi mia mbili na kitu tu.

Oiva akakaa. Akasimama.

— Usimsikilize huyo! alidakia Urpo Mabomba, fundi bomba mstaafu asiyeshindwa ubishi. Mawe yanaweka akiba ya joto. Haba na haba hujaza kibaba! Jumamosi hii, Jumamosi ile, joto linajirundika humo. Siku likifumuka, dhahabu, chuma, hata paa la jirani, vyote mchuzi!

— Na soseji tunazochoma juu ya hayo mawe? aliuliza Taisto. Karatasi ya alumini tunayozifungia mbona haiyeyuki?

— Alumini haijaolewa! Pete ya ndoa ina joto lake la ndani. Wenyewe wakigombana, inalainika. Penye moshi pana moto. Mligombana lini?

— Hatujagombana!

— Basi mtagombana leo.

Taisto akamgeukia Oiva.

— Lakini mawe umeyatoa ukatazama?

— Bado ya moto.

— Tangu jana?

— Si nimewaambia yanaweka akiba! akashangilia Mabomba.

Basi likasimama. Lempi akashuka na begi lake, akatukuta wote tumevikodolea macho vikombe.

— Oiva, sauna umeiwasha?

Oiva akasimama, akakaa.

— Lempi wangu… pete yako imeangukia kwenye mawe ya jiko la sauna.

— Jiko likiwaka?

— Likiwaka.

— Basi imekwisha hiyo. Bati lina ubavu gani?

— Bati? Kumbe ulijua!

— Ilipinda siku ya kwanza nilipobeba ndoo ya maji. Dhahabu gani hiyo? Nimeinyoosha kwa meno miaka yote. Na kila nikiingia sauna naivua. Ulidhani naogopa kuungua kidole?

Oiva akasimama.

— Twende tukalitafute hilo tone, akasema Lempi. Tuliyeyushe tena, tulimwage majini, tuone linatutabiria nini.

Wakaondoka wameshikana mikono.

Yote hayo nimeyaona kwa macho yangu, ila hiyo mikono nimeishikanisha mimi. Mbele ya macho ya watu, kituo cha basi, Rauma? Thubutu! Lempi alimtwisha Oiva begi tu.