Mama Takwimu na Taarifa Iliyomponza Baba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi kifungua mimba wake nawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Takwimu, na ambaye alituonya mapema kwamba leo asije mtu akatia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1984 akahitimu hisabati chuoni, ambako ubishi wake ulijulikana kuliko alama zake.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kampuni iliyounda mfumo wa kuendesha kompyuta, ghorofa ya tatu, na kazi yake ilikuwa kuandika, ndani kabisa ya kiini cha mfumo huo, sehemu inayotoa taarifa ya kumbukumbu ya mashine, yaani kati ya programu zote nani ameomba nafasi kiasi gani, nani amerudisha, nani ameng'ang'ania. Mwaka 1990 mashine zilianza kuganda kila baada ya siku tisa, taarifa yake ikamtaja mwenzake wa meza ya jirani kwamba programu yake inachukua bila kurudisha, naye akafukuzwa kazi. Mashine ziliendelea kuganda. Mama akarudia hesabu yake mstari kwa mstari, akakuta vipande vya kumbukumbu vilivyorudishwa kwa njia moja havikuhesabiwa kabisa, maana yake mwenzake alirudisha kila kitu, ila taarifa haikuona. Alisimama mbele ya wakubwa akasema kosa ni lake, kisha akaenda kwa miguu hadi kwa yule mwenzake kumweleza mwenyewe.

Mwenzake huyo ndiye baba yetu. Alirudishwa kazini, wakafunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne, lakini mama hakuwahi kuamini kwamba amesamehewa, kila baba akinyamaza mezani alidhani ni lile.

Aliugua figo tangu Juni 2021, akafariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafisha damu, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa ghorofa ya tatu.

Mama, baba sauti imemkataa, ameniagiza niseme mbele ya mashahidi wote hawa kwamba alikusamehe siku ile ile ulipobisha hodi, hata kabla hujaketi, na kwamba mezani alinyamaza kwa sababu alikuwa anakula. Pumzika sasa, amani unayo.