Namba ya Ruphin Inakatala Kugawanyika

Ku banc yangu, benchi ya kuuza kahawa pembeni ya reli kule Shituru, kahawa inatokaka mu thermos moja lakini habari inatokaka mu kila nyumba. Mimi Josée ninamiminaka tu, masikio sifungake. Asubuhi ile Godefroid, tunamuitaka Président juu anapendaka kufunga kila palabre, kila mabishano, alikuya na uso ya kukunjamana. Ruphin wa usine, kiwanda ya huku, anaomba kuoa mutoto wake Fidélie, na dimanche, Jumapili, njo siku ya famille yake kuingia nyumbani. Fidélie anafua rideaux ya madirisha tangu Jumatatu. Lakini Président aliona matricule, namba ya kazi, ku kofia ya usine ya kijana: 104729. Akaipatia Franck, karani ya zamani, jina yake ya banc Calculatrice, mashini ya hesabu.

Calculatrice: — Nimeikata na mbili, na tatu, na saba, na kumi na tatu, nikaendelea mpaka kichwa kuuma. Kila mara kitu inabakia. Inagawanyikaka paka na moja tu, na yeye mwenyewe.

Président: — Munasikia? Na yeye mwenyewe! Muntu ya vile atagawanyia baba mukwe wake nini?

Dodo Radio, mwenye kujua mbele ya wote: — Kuku ya Noël atakula na mifupa!

Mimi: — Lakini Président, Ruphin njo alikubeba na baiskeli yake mpaka hospitali.

Président: — Alinibeba peke yangu. Ona! Paka moja tu!

Calculatrice: — Bakubwa balisema umoja ni nguvu. Namba ya kupenda moja, iko na nguvu.

Dodo: — Kidole kimoja hakivunji chawa! Fidélie atazaa mutoto moja, hesabu inaisha.

Président: — Na ule mutoto atafanana na baba yake tu. Hapana. Dimanche asikuye kwangu.

Kumbe mama Mbombo, muke wa Président, anasimama nyuma na beseni ya unga ku kichwa. Alitua beseni. Akashika jeton, kibati ya shaba yenye namba, ku shingo ya bwana yake, ile ya kazi ya zamani. Bazee ba huku banazivaaka kama medali ya ubatizo.

Mbombo: — Calculatrice, nikatie na hii.

Ilikuwa 30030. Calculatrice alichekelea kama anaona ndugu.

— Mama, hii iko muzuri! Inagawanyika na mbili. Na tatu. Na tano. Na saba. Na kumi na moja. Na kumi na tatu! Hakuna kitu inabakia!

Dodo alikohoa. Président alifunika jeton na mukono.

Mbombo: — Mwanamuke ya mbili ninamujua, anaikalaka kule Buluo. Ya tatu ni nani, baba Fidélie?

Hata Radio alizima. Mimi ya tatu ninamujua, na ya tano pia, lakini niliinamisha thermos: hakuna hata tone.

Président alisimama, akajipanguza suruali.

— Ruphin akuye dimanche, alisema. Akuye mapema.