Aliyetia Kufuli Kisima cha Baba

Zamani moto ulizimwa kwa ndoo za maji, mchanga na mablanketi yaliyoloweshwa, na maji yakirudi ardhini yalirudi yakiwa maji yale yale. Siku hizi moto wa mafuta unazimwa kwa povu la kiwandani, na povu hilo likishaingia ardhini halijui kutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mwashi na mama mkunga, katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya uwanja mdogo wa ndege. Mwaka huo huo baba alimaliza kuchimba kisima uani. Hakikuwa na kufuli. Jirani alibisha hodi, akachota, akasalimia wagonjwa wa nyumba, akaenda zake. Leo mtu anakunywa maji ya chupa na hamjui anayeishi naye ukuta kwa ukuta, halafu anaita hayo maendeleo.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Sekondari hakwenda, kwa kuwa mwaka huo baba alianguka kazini na hakupona mgongo. Yeye na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, walijielimisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Ndiyo maana walijua mengi, ila nusu nusu: karatasi ilikuwa imechanwa pale habari iliponoga.

Tarehe 1 Juni 1976 aliajiriwa kikosi cha zimamoto cha uwanja wa ndege, na mwaka 1989 akawa mkufunzi. Kila Jumamosi aliwasha mafuta katika shimo nyuma ya kituo, na askari wapya wakayazima kwa povu. Moto ukishakufa, watoto wa mtaa waliruhusiwa kuingia povuni. Walicheza mle mpaka shingoni, wakatoka weupe kama waliopakwa unga, na jina la Mjomba Povu likamganda tangu hapo. Dawa ya povu iliyobaki hakuimwaga. Mtoto wa mkunga hatupi sabuni. Aliileta nyumbani kwenye dumu, wakafulia jezi za timu ya mtaa na kusugulia sakafu, na maji machafu yakamwagwa uani. Haikunuka, haikuwasha mikono, na jezi zilitakata. Wakubwa wake waliwaambia ni sabuni tu. Nani angeshuku?

Alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1982 na fundi cherehani aliyemkuta kazini. Siku moja gari la zimamoto liliitwa kwenye chumba chake cha ushonaji, likafika na king'ora na wanaume wanne, wakakuta sufuria ya maharagwe inaungua. Marehemu aliuzima moto ule kwa kikombe kimoja cha maji, akauliza kama yaliyobaki juu yanalika. "Yanalika," alijibiwa, "ila mwenye njaa huja bila king'ora." Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2021 alianza kukojoa damu, na hospitali ikakuta uvimbe kwenye figo. Figo ikatolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshahamia viungo vingine. Machi 2023 wapimaji wa maji walipita visima vyote vinavyouzunguka uwanja, kisha wakarudi na majibu: maji yana kemikali ya lile povu, iliyotengenezwa na binadamu, ambayo jua haliimalizi wala udongo hauiozeshi.

"Tukiyachemsha je?" mkewe aliuliza.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama," alisema mpimaji. "Hii si kijidudu. Maji yatapungua sufuriani, yenyewe itabaki."

Daktari naye alikuwa mkweli. Alisema kemikali za aina hiyo zinahusishwa na ugonjwa kama wake, lakini hawezi kuapa kwamba ndizo zilizomshika. Waliolileta povu wamekaa nyuma ya neno hilo hadi leo. Kituo kimebadilisha dawa, shimo limefukiwa, na maji ya kisima yangali meupe, matamu, baridi.

Julai binti yao alirudi nyumbani kujifungua. Maziwa yake hayakutoka, mtoto akawekwa kwenye maziwa ya kopo. Asubuhi moja marehemu alikuta maji ya kununua yamekwisha, na mkewe anayakoroga maziwa kwa maji ya kisimani. Hakugomba. Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni.

Mtaa ukachemka, kwa maana bomba hutoa maji mara mbili tu kwa wiki. Muuza mkaa alisimama langoni na ndoo zake.

"Mjomba Povu, umekunywa wewe miaka sitini. Zamu yetu ndiyo imekuwa sumu?"

"Nimekunywa, na unaniona nilivyo."

"Huo ni uzee tu, mjomba."

"Uzee anao kaka yangu, na suruali haimdondoki."

Waliokuwa langoni walicheka, lakini hawakuondoka. Kuna aliyerusha jiwe juu ya bati. Kuna aliyesema ugonjwa umempanda kichwani.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, asubuhi. Ameacha mjane, binti, mkwe, mjukuu mmoja wa kike na kaka.

Mara ya mwisho kaka yake kumwona ilikuwa Jumapili tarehe 22 Oktoba. Majirani ndio waliompigia simu huko anakoishi tangu ujana: njoo, wewe atakusikiliza. Alifika na hasira zake zote. Marehemu alikuwa ameketi kitandani, mkono kifuani, ameubana ufunguo juu ya shati.

"Baba alikichimba watu wanywe," alisema kaka. "Lete ufunguo."

"Ndiyo, alikichimba. Na mimi nikakimwagia."

"Hukujua."

"Sasa najua. Wewe pia unajua."

Huko nje ndoo ziligongwa langoni. Marehemu aliuvua ufunguo, akauweka kiganjani mwa kaka yake. Kisha akamwomba binti alete mtoto, naye akapakatwa pale pale, juu ya mapaja ya kaka, babu yake mkubwa.

"Fungua, kaka. Nguvu za kushindana nawe sina. Ila chupa ya kwanza ikoroge wewe, umnyweshe wewe."

Mtoto alishika kola ya koti la mzee, akaivuta kuelekea mdomoni. Kaka aliutia ufunguo mfukoni, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akatoka mpaka langoni. Aliwaambia watu kwamba kisima cha baba yake hakifunguliwi, si leo wala yeye akiwa hai.

"Mzee, na wewe wamekulisha nini humo ndani?" aliuliza muuza mkaa.

Kaka alifunga lango. Aliporudi chumbani kuaga, mdogo wake alikuwa amekwisha kulala, mkono umeshuka kutoka kifuani, kiganja wazi juu ya shuka. Hakumwamsha.

Zamu yake imekwisha. Mwenyezi Mungu ampe usingizi kama ule.