Waliponiuliza Jina Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mmeitikia kinyonge? Asifiwe tena! Haya, sasa nimesikia. Mtu aliyewahi kuikosa sauti yake hapendi kuona wenzake wanaibana.

Mimi ni Daudi, mwana wa Mama Rahabu wa Kinondo, mnamjua. Miaka ile bendera yetu ilipopandishwa nilikuwa Mombasa nikicheza michezo ya kuigiza, ile mikubwa ya zamani, ya wafalme na visasi. Ukumbi haukuwa na kipaza sauti. Mtu aliyekaa nyuma kabisa alitaka kusikia hata pumzi yako, na mimi nilimpa. Wakanikabidhi taji, nikawa mfalme wao jukwaani. Baadaye redio nayo ikaniita, nikawa mjane, nikawa kibabu, hata mtoto anayelilia uji. Huku Kinondo watu walijazana dukani kunisikiliza, na mama akiwaambia, "Huyo si Daudi. Daudi hasemi hivyo." Nilidhani anatania.

Ndugu zangu, nilizipenda sauti zile kupita kiasi. Hata samaki niliwanunua kwa sauti ya mfalme! Ile yangu mwenyewe, nyembamba, yenye kukwaruza kidogo, niliionea haya, nikaiacha kabisa.

Basi siku moja jukwaani, mbele ya watu waliokuja na nguo zao za sikukuu, nilifungua kinywa kumhukumu mhaini, ukatoka upepo. Nikajaribu tena. Upepo. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakanyamaza kwa adabu, na kimya chao ndicho kilichonimaliza. Daktari aliniambia nipumzike. Wenzangu walinisubiri, kisha taji likapata kichwa kingine. Nikarudi kwa mama nikiwa bubu, na hofu imenijaa. Mtu ambaye kazi yake ni sauti, akiikosa yeye ni nani?

Mama aliniombea. Nilipoona koo limepata nafuu, nikawa naingia kwenye mikorosho mchana, peke yangu, kuzitafuta zile sauti. Mfalme alikuja, akakatika kama kamba ya ndoo. Mjane alikuja, akakohoa. Nami nikilia, nikiwabembeleza warudi.

Kumbe jirani yetu, Bi Mwanamisi, alikuwa akiokota korosho upande wa pili. Alimjia mama mbio mbio.

"Mama Daudi, sikufichi. Mwanao amepandwa na pepo, na si mmoja. Yuko sultani, na yuko mwanamke aliyefiwa. Wagombana humo ndani!"

Msicheke sana. Haya, chekeni. Kwetu mtu mwenye sauti nyingi hana jina lingine. Bi Mwanamisi alitupenda. Alimlisha mama kwa mchele wake nilipokuwa mbali. Alasiri moja akaja na mganga, na ubani, na marashi, na mkeka mpya. Mama alikuwa mtu wa kanisa, hakulitaka jambo lile. Lakini hakutaka pia kumvunjia jirani heshima. Akaniambia, "Keti, uwaamkie wazee. Ila ukiulizwa jambo, usiseme uwongo." Akasimama mlangoni, amefumba macho, akiomba.

Najua, mchungaji, ushuhuda haufai kupitia kwenye mkeka ule. Mimi nasimulia nilipopita.

Yule mganga, mzee mpole, akaniinamia akauliza kama pepo wanavyoulizwa siku zote. "Ewe uliyemo, jina lako nani? Wataka nini?"

Nikamhisi mfalme akinipanda kooni. Ningeweza kumtoa! Wangetetemeka, wangeniletea kilemba chekundu kama wapewavyo pepo wakubwa, ningepata watazamaji tena. Nikamtazama mama akiomba, nikaona kwamba tangu nitoke kwake, kila nilipoulizwa mimi ni nani, nilijibu kwa kinywa cha mwingine. Nikaogopa kweli kweli. Nikasema moyoni, Bwana, sina kitu, nisaidie.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Daudi. Nataka kukaa na mama."

Ilitoka nyembamba, inakwaruza, lakini ilitoka nzima, mpaka mwisho! Mama akafumbua macho. "Huyo! Huyo ndiye Daudi wangu!" Akalia. Bi Mwanamisi akapiga vigelegele, akasema pepo wamekimbia. Mganga akakusanya ubani wake, akaninong'oneza kwamba yeye hakuona pepo yeyote, aliona kijana aliyechoka.

Wale wafalme hawajarudi hadi leo. Zamani ningelia. Sasa nasoma Neno hapa kila Jumapili, na nyinyi wa nyuma mnalazimika kusogea mbele, jambo ambalo mchungaji amelihubiri sana bila kufanikiwa. Nashukuru, ndugu zangu! Namshukuru mama, namshukuru Bi Mwanamisi, na zaidi ya wote namshukuru Mungu, aliyeikumbuka ile sauti hata nilipokuwa nimeitupa.

Nawe ndugu yangu, Bwana anakuuliza jina lako. Usimjibu kwa sauti ya kuazima. Mwamini, umwambie ulivyo. Sasa simameni tuimbe, na wenye sauti mbovu ndio tuanze.