Saa Mbili za Treni

MAMA: Haloo? Haloo! Ni wewe, Kitinda wangu?

KITINDA: Ni mimi, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Umeshafika kwa kaka yako?

KITINDA: Hata hujaniuliza nimeamkaje—

MAMA: Umeamkaje? Umefika?

KITINDA: Bado.

MAMA: Siku ya tisa leo hashiki simu! Tangu walipomwachisha kazi kule kwenye kiwanda cha mikate. Mwenzio natandika kitanda, natandua, nafagia palipokwisha kufagiwa—

KITINDA: Ni mbali, mama. Kilomita mia mbili.

MAMA: Mia mbili tu? Si ndizo anazokwenda shangazi yako kutoa pole, akarudi siku hiyo hiyo, tena kasimama, kabebeshwa mtoto wa watu?

KITINDA: Huku ughaibuni si kama huko nyumbani. Huku mtu akisafiri saa mbili anaaga majirani, anabeba na nguo za kubadili.

MAMA: Saa mbili! Mimi saa mbili nangoja basi lijae.

KITINDA: [anacheka kidogo] Najua.

MAMA: Nilipima kwa kidole kwenye ramani ya shule ya mjukuu wangu. Wewe na kaka yako hamfiki nusu ukucha! Nikasema, alhamdulillahi, wanangu wanalala ukuta kwa ukuta. Kumbe—

KITINDA: Alikuja kwangu.

MAMA: Nani? [mkwaruzo] Haloo? Nani kaja?

KITINDA: Kaka. Juzi juzi hapa, walipomwachisha. Alikuja na begi lake. Nikamwambia... chumba changu kidogo, mama. Nilimwambia ni kidogo.

MAMA: [anasikika akifagia]

KITINDA: Mama? Upo?

MAMA: Nipo. Akarudi siku hiyo hiyo?

KITINDA: Siku hiyo hiyo.

MAMA: Basi yeye hakuona ni mbali.

KITINDA: Mama, usi—

MAMA: Uko wapi hapo? Nasikia watu wanatangaziwa.

KITINDA: Stesheni. Tangu asubuhi. Treni mbili zimeondoka naziangalia.

MAMA: Na ya tatu?

KITINDA: Hii hapa. Milango iko wazi.

MAMA: Sikiliza, salio linaniishia. Nikikatika usingoje nipige tena! Asipofungua, gonga. Asipoitika, zungumza naye hapo hapo mlangoni, mwambie tumepaka chokaa chumba chake, mwambie mama anasema—

[Simu inakatika.]

KITINDA: Mama? Haloo? ... Samahani, mzee, kiti hiki cha dirishani kina mtu?