Utalima Shamba la Nani?

Treni ya kwenda Nakuru ilikuwa imeshatoka Eldoret Leonida alipomsikia mzee wa kiti cha mbele akimuuliza msichana wa shule kuhusu kikapu chake cha viazi.

"Ni mbegu, Mzee. Chama chetu cha wakulima vijana kinazipeleka kwenye maonyesho ya kilimo," alijibu yule msichana, Jebiwott, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti.

Mzee alisema yeye na wenzake wamenunua shamba la mzungu kule Timboroa, na sasa wanawagawia wana wao wa kiume. "Sasa wewe, haya masomo ya kilimo utayatumia wapi? Utalima shamba la nani?"

"Mama yangu analima la nani?"

"La baba yako."

"Basi swali hilo hata yeye angeuliza, Mzee."

Leonida aliacha kufuma. Mume wake naye alikuwa amenunua ekari kadhaa huko huko Timboroa kwa jina lake mwenyewe, kisha akarudi kazini Kisumu. Wa kuzilima alikuwa Leonida, ambaye jembe lake jipya lilikuwa chini ya kiti.

"Msichana huolewa," mzee alisema polepole. "Ardhi haiendi naye."

"Kwa hivyo nisisome?"

"Sijasema hivyo."

Treni iliposimama Timboroa, mzee alipokea viazi viwili vya mbegu kutoka kwa Jebiwott, akashuka akitikisa kichwa. Leonida alichukua jembe lake, lakini kabla hajashuka alimwinamia msichana.

"Hicho chama chenu," aliuliza, "kinachukua akina mama?"