Nilimtuma Maji Wakati wa Kula

Jina la Bwana libarikiwe, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Vijana na watoto, nawasalimu. Nafasi hii nimeiomba kwa mchungaji mara tatu, na mara mbili nilipoitwa nilibaki kwenye benchi, nikasingizia kifua. Leo kifua hakinisumbui. Leo nasema.

Mnanifahamu kwa jina la Mama Pendo. Wengi wenu mnaijua sauti yangu kwenye kwaya. Kina mama mnanijua kwa ufunguo wa stoo, maana kwa miaka minne mimi ndiye niliyewagawia wahitaji mahindi na maharage ya kanisa. Nimewapimia wengi mliokaa hapa kwa mkono huu, na hakuna aliyesema nimempunja. Haya nitakayoyaeleza yalitokea wakati huohuo.

Nilizaliwa kijijini, huko mbele ya Shelui. Mama yetu alifariki kabla sijaanza shule, nikalelewa na dada yangu Naomi. Yeye mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Alilima, alitwanga, alinifulia. Wachumba walipokuja aliwarudisha, akiwaambia wasubiri mpaka mdogo wake amalize darasa la saba. Mwaka mtama ulipokauka shambani tulikula mlenda mtupu kwa wiki nyingi, na sikumbuki hata siku moja dada yangu alipotia tonge mdomoni kabla yangu. Aliolewa amechelewa, akapata mtoto mmoja tu wa kike, Sikitu. Mume akaenda machimboni, hakurudi. Kisha Naomi akaugua, na baada ya miezi michache tukamzika.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kuulizana nani atamchukua mtoto. Watu wakaangalia chini. Nikasimama mimi, nikasema, "Huyu ni damu ya dada yangu. Namchukua." Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaniwekea mkono kichwani akanibariki. Ndugu zangu, nilisikia utamu wa kusifiwa, na nadhani nilimchukua yule mtoto kwa ajili ya utamu ule. Nilirudi mjini naye akiwa na miaka kumi na mmoja, pamoja na gunia la mtama aliouvuna mama yake mwaka wa mwisho. Mtama ule tuliula nyumba nzima mpaka ukaisha.

Tunaishi Utemini, chumba kimoja. Kitanda kiko upande mmoja, pazia katikati, upande wa pili ni mkeka wa watoto. Ndoo ya unga inakaa uvunguni mwa kitanda. Jiko la mkaa liko mlangoni, na mvua ikinyesha tunaliingiza ndani, tukakohoa wote. Tulikuwa watano, mimi na Baba Pendo na watoto wetu watatu. Sikitu akawa wa sita. Kwenye chumba kama kile huwezi kujikuna mwenzako asijue. Anayekula anaonekana, na asiyekula anaonekana.

Baba Pendo alikuwa akibeba magunia kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mavuno yakawa mabaya, mashine ikasimama, naye akakaa nyumbani. Mimi nilitembeza vitunguu na mchicha kwenye beseni. Chakula cha kushiba kikawa mara moja kwa siku, saa nane mchana, watoto wakitoka shule. Asubuhi tulikunywa uji mwepesi, na jioni aliyebahatika alikwangua ukoko.

Sikuanza kwa kumnyima. Nilianza kwa kumpakulia wa mwisho. Halafu sahani yake ikawa ile ndogo. Halafu nikaanza kusema moyoni kwamba ameshakuwa mkubwa, anaweza kuvumilia, wangu bado wadogo. Lakini alikuwa akituangalia. Hakuwa akiomba, hakuwa akinuna, alikuwa akiangalia tu mkono wangu unapochota. Macho yale yalinikera kuliko ambavyo angenitukana. Kumficha chakula sikuweza, chumba chenyewe hakina hata kona. Nikatafuta njia.

Ikifika saa nane, ugali ukikaribia kuiva, nilimwita. "Sikitu, chukua ndoo, kalete maji." Bomba letu liko mbali kidogo na foleni yake haiishi. Akirudi, anakuta tumeshakula. Anakuta kipande kilichobaki kwenye sufuria na mchuzi wa kulowanishia. Siku nyingine hakuti kitu, namwambia, "Leo hakikutosha, mwanangu, vumilia." Naye anajibu, "Haya, mama mdogo." Kila siku jibu ni hilohilo. Jumapili nakuja hapa, naimba sauti ya kwanza, na baada ya ibada nafungua stoo nagawa unga kwa watoto wa watu wengine. Mlinisifu. Mwenyekiti wetu wa kina mama alisimama akasema Mama Pendo analea yatima kwenye chumba kimoja, tuige mfano wake. Nilijibu amina.

Jumamosi moja jirani yetu, Mama Shabani, alituletea nyama. Tulikuwa hatujaionja muda mrefu. Nikaipika kwa nyanya na kitunguu, chumba chote kikanukia. Nikamtuma Sikitu maji. Siku hiyo bomba lilikuwa halitoi, akarudi upesi na ndoo tupu. Alipofunua pazia la mlangoni tulikuwa tumeizunguka sinia, mimi nina mfupa mkononi.

Nikamuuliza kwa ukali, "Umefuata nini?"

"Maji hakuna, mama mdogo."

Ndipo Pendo wangu, mtoto wa miaka minne, akafanya jambo ambalo silisahau. Alichukua kipande chake cha nyama akakificha nyuma ya mgongo. Kisha akanitazama usoni aone kama amefanya vizuri. Sikuwahi kumwambia afiche. Alijifunza kwa kuniona. Sikitu akaweka ndoo chini taratibu, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya nje. Sikumwita. Nataka mlisikie hili kama lilivyo, nyama ilikuwepo, na sikumwita.

Jumatatu alikwenda shule, hakurudi. Jioni Baba Pendo alikwenda kwa mwalimu, akaambiwa mtoto hakuonekana darasani. Tukatoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi. Nikalia mbele za watu, nikajigaragaza, majirani wakanishika. Mama Shabani peke yake hakunishika. Alisubiri watu waondoke, akaniambia, "Mama Pendo, mtoto yule amekuwa akila kwangu tangu kiangazi. Akitoka bombani anapitia kwangu. Aliniomba nisikwambie, akasema ukijua utaona aibu."

Niligeuka nikamtazama mume wangu ili aone jinsi watu wanavyonizushia. Baba Pendo aliinamisha kichwa. Akasema, "Hata mimi nilijua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakula," akasema.

Tulijua sote. Kila siku tulikaa watu wawili wazima tuliobatizwa, tukashukuru kwa chakula, macho tumefumba, huku mtoto wa Naomi yuko kwenye foleni ya maji.

Nilijaribu kuomba, ndugu zangu, mdomo ukakataa. Mlikuja nyumbani kuniombea, mkasema adui ameivamia familia ya Mama Pendo, mkamkemea. Nilikaa katikati yenu nikijua kwamba mnayemkemea amevaa kitenge changu. Sikusema. Hata wakati huo bado nililinda jina.

Siku ya tisa dereva mmoja wa lori, mpangaji mwenzetu, alisema amemwona binti anayefanana na Sikitu kwenye banda la mama lishe huko Shelui, njia ya kijijini kwetu. Nilipanda basi la asubuhi peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kusema kwa watu, namna mtoto alivyodanganywa na marafiki wabaya. Mtu anaweza kuzama mpaka shingoni na bado akajipangia uongo.

Nilimkuta anaosha sahani nyuma ya banda, malori yamejipanga barabarani. Mkiwa na mabinti mnajua niliwaza nini nilipoona malori yale. Mwenye banda, mama mtu mzima anayeitwa Bi Hadija, alinizuia na mwiko mkononi.

"Wewe nani wake?"

"Mama yake mdogo."

Akanipima kuanzia miguuni. "Alikuja hapa akaomba makombo ya wateja. Sikumuuliza ametoka wapi, nilimuuliza kama amekula. Analala na wanangu, nimempigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna aliyemgusa. Sasa mwambie unachotaka kumwambia, nasikiliza."

Sikitu alifuta mikono kwenye sketi ya shule. Akapiga goti kidogo, kama Naomi alivyomfundisha. "Shikamoo, mama mdogo."

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia, "Twende nyumbani, mwanangu."

"Hapana, mama mdogo."

"Kwa nini?"

"Hapa nakula nikiwa nimekaa na wenzangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayeelekeza njia. "Hakuna anayenituma maji."

Maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yaliondoka. Nilikaa chini kwenye majivu, pale pale karibu na mafiga. Nikasema, "Sikitu, nilikuwa nakutuma makusudi."

"Najua."

"Chakula kilikuwepo."

"Najua, mama mdogo. Nilikuwa nanusa."

Basi nikaomba. Sikuomba kwa maneno ya kanisani. Nilisema, Bwana, mimi ni mwizi, nimemwibia mtoto wa dada yangu chakula, na mtama wa mama yake niliula. Nilisema kwa sauti, Bi Hadija anasikia, wateja wanasikia na vijiko mikononi. Mzigo niliokuwa nikiubeba wa kuonekana mwema ulinidondoka mbele ya watu nisiowajua. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Niliona tu kwamba nimesema kweli, na kwamba bado napumua. Huo ndio wokovu nilioupata, na niliupata kwenye majivu, baada ya miaka mingi ya kuimba kuuhusu.

Bi Hadija hakunibembeleza. Alipakua wali na maharage, akamwambia Sikitu, "Mpelekee mgeni." Mtoto akaleta maji ya kunawa, akanimiminia, akaniwekea sahani. Halafu akasimama hatua mbili pembeni, akaangalia mkono wangu. Nilikula kila punje ya ule wali. Ulikuwa mchungu kuliko dawa yoyote niliyowahi kumeza.

Sikurudi naye siku ile. Alikataa, na nilimwona ana haki. Afisa wa ustawi wa jamii aliingilia kati, akatuita, akaniuliza maswali ambayo niliyajibu bila kuficha. Baada ya mwezi na kitu Sikitu alikubali kurudi kwa sababu ya shule, alinieleza hivyo mwenyewe, kwa sababu ya shule tu. Siku ileile nilikwenda kwa mwenyekiti wa kina mama nikamrudishia ufunguo wa stoo na kumweleza sababu. Aliniambia tulimalize kimya kimya, tusiliabishe kanisa. Miezi minne nimenyamaza kwa kumtii yeye. Nisamehe, mama, lakini kunyamaza ndiko kulikotaka kuniua.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba baraka zilimiminika. Chumba ni kilekile. Mashine ya alizeti imeanza tena, lakini Baba Pendo anaitwa siku chache tu. Bado kuna siku tunakunywa uji tukalala. Kilichobadilika ni kwamba anayechota maji huchota asubuhi, na ugali hauepuliwi mpaka watu sita wawe wamekaa. Ukiwa mdogo, ni mdogo kwa sita. Baba Pendo ndiye anayehesabu vichwa.

Na Sikitu hajapona. Anakula haraka, mgongo ukutani. Nikifua nguo zake nakuta vipande vya ugali vimekauka mfukoni. Mwanzoni nilivitupa. Siku hizi nikishafua navirudisha mfukoni, maana sina haki ya kumwambia kwamba kesho chakula kipo. Pendo bado anaficha chakula nyuma ya mgongo mgeni akiingia. Namkanya, anashangaa, kwa sababu mwalimu wake ni mimi.

Wiki iliyopita nilimuuliza Sikitu kama naweza kusimama hapa kuyasema haya. Akasema, "Sema, mama mdogo. Lakini mimi sitakuja." Kwa hiyo leo hayupo. Mkikutana naye njiani msimwambie kwamba mimi ni mama mwema niliyetubu, na msimwambie anisamehe. Hilo ni lake na Mungu wake. Mwulizeni tu kama amekula.

Namshukuru Mungu aliyemlisha kwa mkono wa Mama Shabani na wa Bi Hadija wakati mkono wangu umefungwa. Namshukuru kwamba hakuniacha nifie kwenye sifa. Na wewe uliyekaa hapo, ambaye nyumbani kwako kuna mtoto anayetumwa kila chakula kinapoiva, sikujui, na sitakuangalia usoni. Mwamini huyu Bwana, anaweza kukubeba na uchafu wako wote. Usingoje mpaka ukamtafute mtoto wako kwenye malori. Sasa hivi ni saa sita. Ukitoka hapa utamkuta bado hajala.